Tukitaje Kifo Tungali Hai

(Maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali)



Nilipoletewa barua ya kunialika nizungumze nanyi, niliulizwa nitasema juu ya jambo gani. Nikajibu: juu ya kifo. Ndugu katibu aliyeileta barua alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa upole kama sikuwa na jambo jingine, kwa kuwa baadhi ya wajumbe wametoka misibani karibuni na wengine wana wagonjwa nyumbani. Nikamwambia kwamba hiyo hasa ndiyo sababu. Alikubali kwa adabu tu, maana mimi ni mzee kwake. Lakini usoni mwake nilisoma neno moja tunalolijua sote: uchuro.

Neno hilo ndilo ninalotaka kupambana nalo leo. Sikuja kuwafundisha kwamba binadamu atakufa. Hilo kila mtoto wa darasa la kwanza analijua, na viongozi wetu wa dini hutukumbusha kila juma. Wala sikuja kueleza yatakayotufika ng'ambo ya kaburi, maana humu ukumbini mna Waislamu, mna Wakristo, na mna wanaofuata mila za wazee wao, na kila mmoja anayo majibu yake. Nilichokuja nacho ni jambo la upande huu wa kaburi. Nasema kwamba sisi tulio wepesi wa kuzika tu wazito mno wa kukitaja kifo kabla hakijafika. Ukimya wetu huo una gharama, na gharama hiyo hailipwi na marehemu. Hulipwa na aliye hai, na mara nyingi aliye mnyonge kuliko wote nyumbani au kazini.

Hatuwezi kudai kwamba hatukijui kifo. Hakuna hata mmoja wetu hapa ambaye mwaka huu hajachangia sanda au jeneza, hajalala matangani, hajabeba mchanga kwa kiganja chake. Tunajua kulia na tunajua kufariji. Tunachoshindwa ni kukitaja kifo cha mtu aliye bado hai, na hasa cha kwetu wenyewe. Baba ameugua miezi mitatu, homa imemla hata shati linamvaa badala ya yeye kulivaa, siku moja anaanza kusema, "Mwanangu, ule mpaka wa shamba la bondeni..." nasi tunamkatiza: "Usiseme hivyo, Baba, utapona." Tunamziba mdomo kwa mapenzi. Kisha akiisha kuondoka, tunakaa barazani kutwa kucha tukigombania kile kile alichotaka kutuambia.

Nitawapeni kisa kimoja nilichokishuhudia.

Miaka mingi iliyopita nilifundisha katika shule moja ya sekondari chini ya mkuu wa shule ambaye sijapata kuona mwenzake kwa bidii. Alifika kabla ya kengele na kuondoka baada ya taa kuwashwa. Kila kitu cha shule kilipita mkononi mwake: hesabu, stoo, majina ya watahiniwa, ada, hata chaki. Funguo zote alizitia katika pete moja, na pete hiyo aliining'iniza kiunoni kama mwenye ghala. Sisi walimu tulimsifu, na kusema kweli tulistarehe, maana mtu anapojitwisha mzigo wote wenzake hutembea mikono mitupu.

Jumamosi moja alikwenda kumjulia hali mama yake kijijini. Basi lilipinduka. Juma zima tukalia. Juma la pili tukatafuta funguo; zilirudi kutoka hospitali ndani ya mfuko pamoja na saa yake, lakini hapakuwa na mtu aliyejua upi ni wa kabati gani. Juma la tatu ofisi ya elimu ikataka orodha ya watahiniwa, tukavunja kabati. Ndani yake kila kitu kilikuwa kimepangwa vizuri, ila kilipangwa kwa ajili ya macho yake peke yake. Wanafunzi wawili waliomkabidhi ada mkononi walikuwa wameandikwa kwa herufi za mkato ambazo sisi hatukuzijua, na stakabadhi zao hatukuziona. Wazazi wao wakaambiwa walipe tena. Mmoja alilipa. Wa pili hakuwa na cha kulipa, na mtoto wake akarudi nyumbani.

Hayo ni ya shuleni. Ya nyumbani yalikuwa mazito zaidi. Alipoajiriwa akiwa kijana asiyeoa, marehemu alijaza fomu ya wategemezi na kuandika jina la mama yake na la mdogo wake. Akaoa, akazaa watoto wanne, akapanda cheo mara tatu, na kwa miaka 19 fomu ile haikuguswa. Huyo mdogo wake hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kwamba karatasi imemtaja yeye. Mjane akatakiwa aondoke katika nyumba ya shule, kwa kuwa mkuu mpya alikuwa anakuja na mizigo yake. Kwa muda mrefu nilimwona akipanda na kushuka ngazi za maofisi, cheti cha ndoa kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni ili kisilowe mvua, na kila dirisha likimpeleka dirisha jingine.

Siku ya mazishi walisimama wasemaji sita kuusifu uaminifu wa marehemu, nami nilikuwa mmoja wao. Sikusema uongo. Senti moja ya shule haikupotea kwa wizi wake. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama uaminifu unaoishi kana kwamba hautakufa umekamilika. Twapenda kusema kwamba cheo ni dhamana. Dhamana, ndugu zangu, ni kitu ambacho mwenyewe atakuja kukitaka, naye hasemi atakuja siku gani. Mwenye kukishika kitu cha mtu kwa namna ambayo mtu mwingine hawezi kukipokea, huyo amekificha, hata kama hakukusudia.

Sasa yafaa tujiulize: je, woga huu wa kukitaja kifo tumerithi kwa wazee? Mimi naona sivyo. Walimu wa Kiswahili waliomo humu wanajua kwamba baadhi ya tungo zilizo kongwe na zenye nguvu kuliko zote katika lugha yetu zinakikabili kifo uso kwa uso. Yapata miaka 200 iliyopita, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi. Alikuwa akiutazama mji wa Pate, ulio katika pwani ya kaskazini ya Kenya, mji uliokuwa tajiri kisha ukaanguka. Anausemesha moyo wake mwenyewe na kuupitisha katika yale majumba: taa zilizowaka humo zimezimika, wenyeji waliojivuna wamelala chini ya udongo, na ndege na popo wamekuwa wapangaji. Mtunzi hakuanza kwa kumwonya jirani, alianza na nafsi yake. Ndiyo maana utenzi ule hauchoshi hata leo, ilhali mawaidha mengi ya misibani, ambayo msemaji humwonya kila mtu isipokuwa yeye, hutuchosha kabla hayajafika nusu.

Baada yake alikuja mwanamke wa pwani hiyo hiyo, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu. Yapata mwaka 1858, naye akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa mausia. Akafariki karibu na mwaka 1860. Nataka mtazame jinsi anavyoanza. Hasemi kwanza juu ya uchungu wa kutengana. Anamwita binti yake akae karibu, naye aje na wino na karatasi. Mwanamke yule alijua kwamba siku zimebaki chache, na hakungoja mtu amwambie "utapona, Mama." Aliyoyausia juu ya mume na mke yanabishaniwa sana na wasomaji wa leo, hasa akina mama, na mimi siwalaumu, zama zake si zetu. Lakini kile kitendo cha kuagiza wino na karatasi hakijapitwa na wakati. Binti hakuachiwa kubahatisha mama yake alitaka nini. Hata anayempinga leo anampinga kwa kuwa maneno yake yapo.

Na kama mtasema kwamba hao walikuwa watu wa zamani wenye nafasi ya kutunga, nitawatajia mtumishi wa Serikali kama ninyi. Shaaban Robert aliingia kazi ya ukarani katika idara ya forodha mwaka 1926, akahamishwa huku na huku kama tunavyohamishwa, akatumikia wakubwa wa kikoloni kwa zaidi ya miaka 30. Mke wake wa kwanza alifariki, naye akaandika juu ya msiba huo waziwazi. Watoto wake, binti na mvulana, kila mmoja alimtungia utenzi wake wa kumfunza maisha, mwenyewe angali na nguvu zake, wala hakuona kwamba anajichulia. Alipofariki mwezi Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, kazi zake hazikuzikwa pamoja naye. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilichapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya kaburi lake kufukiwa. Miaka 53 si mingi. Wengi tuliomo humu tumekwisha kuipita, na ningependa kila mmoja ajiulize kimoyomoyo kilichomo katika kabati lake.

Lipo jambo jingine linaloonyesha kwamba taifa letu, likiwa taifa, halina woga huu. Fungueni Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 37. Humo imeandikwa, bila kuzungukazunguka, itakuwaje Rais akifariki dunia kabla ya muda wake kwisha: Makamu wa Rais ataapishwa na kushika nafasi hiyo kwa muda uliobaki. Waliotunga maneno hayo hawakumtakia Rais yeyote mabaya. Hakuna mtu aliyesimama Bungeni na kusema kwamba ibara hiyo ni uchuro. Siku ilipofika, Rais John Magufuli alipofariki tarehe 17 Machi 2021, nchi ililia, lakini haikupotea njia. Tarehe 19 Machi Makamu wake, Samia Suluhu Hassan, aliapishwa. Ukabila, ukanda, fitina za wenye tamaa, vyote hivyo vilikosa mlango wa kuingilia, kwa sababu mlango ulikuwa umekwisha kufungwa na watu waliokitaja kifo mapema. Ikiwa kifo cha Rais kinaweza kutajwa katika Katiba, cha mkuu wa idara na cha mwalimu wa zamu kina utukufu gani hata kisitajwe?

Nakuja sasa kwenye wosia, na hapa nitakaa kidogo, kwa maana ndipo penye vilio vingi.

Watumishi wengi wasomi niliowauliza huniambia mambo mawili. La kwanza, kwamba wosia ni wa matajiri. La pili, kwamba kuandika wosia ni kukiita kifo. Hilo la kwanza si kweli. Tajiri ana wakili na ana hati. Asipoandika yeye, karatasi zake zitasema. Mwenye chumba na sebule alichokijenga kwa mkopo, ekari mbili alizopewa na kijiji, ng'ombe watatu walioko kwa shemeji, na pikipiki ambayo kadi yake ina jina la mtu aliyemuuzia, huyo ndiye anayehitaji kuandika kuliko mtu yeyote, kwa sababu mali yake yote imo kichwani mwake.

Wala sheria haikuufanya wosia kuwa kitu cha mafumbo. Tangu mwaka 1963 zimekuwapo kanuni za mila za wosia zilizochapishwa na Serikali. Kanuni hizo zinaukubali hata wosia wa mdomo, ukishuhudiwa na watu wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unahitaji angalau mashahidi wawili, na mmoja wao awe wa nje ya ukoo. Uwe na tarehe, uwe na sahihi, uandikwe kwa wino usiofutika. Tazameni tena: wino na karatasi. Muislamu anayo mafungu yaliyokwisha kupangwa na dini yake, na uhuru wake wa kuusia haupiti theluthi moja ya mali, wala hausii kwa mrithi. Lakini naye ana madeni, ana amana za watu, na ana watoto ambao mama zao hawafahamiani. Ipo pia sheria ya urithi ya mwaka 1865, iliyotungwa kwa ajili ya India na kuletwa kwetu na Waingereza. Ni ajabu kidogo kwamba mtu wa Tanganyika agawiwe mali kwa kitabu cha India cha enzi hiyo, lakini hilo ni la wanasheria. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, hupokea wosia na kuuhifadhi kwa mwenye kutaka.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu pale mwanamume aliyefuata mila anapokufa kimya, sheria haibaki kimya. Kanuni hizo hizo za mila za 1963 zinasema kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Kazi ya kumtunza ni ya watoto wake. Mtu anaweza kuishi na mke wake miaka 30, wakachoma matofali pamoja, akiugua akauguzwa naye, na siku ya arobaini mke huyo akawa mgeni katika nyumba aliyoipiga lipu kwa mikono yake. Mnaweza kusema kwamba kanuni hizo zibadilishwe. Nami nasema hivyo, tena kwa sauti. Lakini wakati tunangoja zibadilishwe, kalamu iko mfukoni mwa kila mwalimu. Mwanamume anayesema anampenda mkewe na hataki kuandika mistari kumi amwambie mkewe waziwazi kwamba anaogopa. Woga si aibu. Aibu ni kuuvisha woga joho la mila.

Ndugu Mwenyekiti, ukimya huu wetu una sura ya pili. Kifo kisichotajwa kabla ya kufika, kikiisha kufika hupewa jina lisilo lake. Twasema: ni kazi ya Mungu. Nami si mtu wa kumpinga Mungu katika kazi yake. Mzee wa miaka 85 aliyelala jioni na asubuhi hakuamka, hiyo ni kazi ya Mungu, na tumzike kwa shukrani. Lakini mara ngapi tumemsingizia Mungu kazi ya mikono yetu?

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ilizama ikiwa imekaribia kufika. Mamia ya watu walikufa. Nchi nzima iliomboleza, na wengi walizikwa pale Igoma. Mimi husimama mahali pamoja katika habari ile, nanyi ni watu wa maofisi, mtanielewa: abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Waliojaza madaraja ya juu waliandikwa majina. Wa chini waliingia kwa wingi wao, na ziwa lilipowafunika hapakuwa na karatasi ya kuulizwa walikuwa wangapi na akina nani. Kuna mama aliyengoja Mwanza, kuna mtoto aliyengoja shuleni, na jibu pekee walilopata ni kwamba mtu wao hakurudi. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara katika ziwa lile lile, kikiwa kimepakia watu kupita kiasi, na hesabu ya waliokuwamo ikasumbua tena.

Karani anayeandika orodha ya abiria hufanya kazi ndogo, isiyo na sifa. Anachoshwa na foleni, jua linamchoma, na nahodha anamhimiza. Akijiambia kwamba "safari zote hufika," ataandika nusu. Akikumbuka kwamba kila jina analoliandika linaweza kuwa ndilo neno la mwisho kuandikwa juu ya mtu huyo, ataandika majina yote, na jina la mtu wa ziada litamlazimisha kusema: hapana, chombo kimejaa. Hivyo ndivyo kukikumbuka kifo kunavyoingia katika utendaji wa kazi. Hakumfanyi mtu awe mwenye huzuni kutwa nzima. Kunamfanya ahesabu vizuri.

Wala tusidhani kwamba kupigana na kifo kinachokuja kabla ya wakati wake ni kushindana na majaaliwa. Sensa ya mwaka 1978 ilikadiria kwamba mtoto anayezaliwa nchini angetarajia kuishi yapata miaka 44. Kwa sensa ya 2012 makadirio yalikuwa yamepita miaka 60. Walimu wa hisabati wawaelezee wengine kwamba hiyo 44 haikuwa na maana ya kuwa watu walikuwa wakifa wote wakifika 44. Wazee wa miaka 80 walikuwapo. Maana yake ni kwamba makaburi mafupi yalikuwa mengi. Wastani ule ulishushwa na watoto.

Na nani aliyeupandisha? Wengi mtakumbuka, au wazazi wenu watakumbuka, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, kisha wakaenda kuchimba vyoo, kufukia madimbwi na kufyeka majani kando ya nyumba. Viongozi wa vikundi wengi walikuwa watu wa kawaida tu, wenye kujua kusoma. Vikundi vile vilitaja waziwazi kwamba mtoto wa fulani alikufa kwa kuhara, na kwamba kuhara kumetoka kisimani. Hakuna aliyesema ni uchuro. Katika miaka ya karibuni tumeona jambo la namna hiyo kwa akina mama wazazi: uchunguzi wa afya wa 2015 na 2016 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 ulikadiria 104. Nyuma ya tarakimu hizo wapo wakunga waliokataa kusema "siku yake ilikuwa imefika," wakauliza badala yake: damu ilikosekana kwa nini, gari lilichelewa wapi, nani alikuwa zamu. Na hao 104 waliobaki nao wana majina.

Mtu anaweza kuniuliza: basi wewe unayesema hivi, umefanya nini? Ni swali la haki.

Nakiri kwamba baada ya kisa cha yule mkuu wa shule nilikaa miaka mingi bila kuandika chochote. Nilianza mara mbili. Mara ya kwanza mama yangu, Mungu amrehemu, aliikuta karatasi juu ya meza, akamwita mtu amsomee, kisha akalia siku nzima akidhani daktari ameniambia jambo nami namficha. Nikaichana mbele yake ili anyamaze. Mara ya pili hapakuwa na wa kumsingizia. Niliandika "Mimi, mwenye akili timamu," nikalitazama jina langu chini ya maneno hayo, nikajisikia kama mtu anayejipima urefu wa kaburi. Nikaweka kalamu chini, nikatoka kwenda kuangalia mbuzi.

Nilimaliza nikiwa na umri wa miaka 58, muda mfupi kabla ya kustaafu. Kilichonisaidia hakikuwa ushujaa. Nilikuwa nikiandika maelezo ya makabidhiano ya ofisi: faili hii imefikia hapa, huyu anadai, yule anadaiwa, ufunguo huu ni wa stoo ya nyuma na hufunguka ukiuinua kidogo. Ilinichukua siku tatu, na nilipomaliza niliona moyo umekuwa mwepesi, kama mtu aliyetua kuni. Jioni ile ile nikafululiza kwa kalamu ile ile nikaandika ya nyumbani, kwa mtindo ule ule. Shamba la bondeni mpaka wake ni mkorosho, si mfereji. Huyu nimemkopesha, lakini amefiwa, asidaiwe. Mimi nadaiwa na mwenye duka la pembeni. Daftari lake ni la kweli, alipwe. Nyumba ni ya mama yenu maadamu yu hai, na asiulizwe na mtu.

Kisha nikawaita watoto wote watano pamoja na mama yao, nikawaita na mashahidi, nikawasomea. Mkubwa aliinamisha kichwa. Wa pili akatoka nje kidogo, akarudi macho mekundu. Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho bila kutikisika, kisha akasema kwamba mpaka wa mkorosho nimekosea: mkorosho ule ulikatwa, uliopo sasa umeota kwenye kisiki cha jirani, na mpaka wenyewe ni jiwe lililo hatua saba juu yake. Tukaondoka sote, pamoja na mashahidi, kwenda kuliangalia lile jiwe kabla jua halijatua. Tulilikuta limefunikwa na majani. Kama ningekufa mwezi mmoja kabla ya siku ile, wanangu wangegombana na jirani mwema kwa ajili ya kosa langu.

Tuliporudi, yule kitinda mimba, ambaye wakati ule alikuwa darasa la saba na hajanyanyua mdomo tangu tuanze, aliuliza redio atapewa nani. Ndugu wakamkemea. Nikawaambia wamwache, maana nilikuwa nimeisahau redio kabisa. Nikaketi tena, nikachukua wino, nikaongeza mstari mmoja, na mashahidi wakatia sahihi upya.